Baba Mwenye Nyumba wa Saa za Ziada

Hoja iliyo mezani ni hii: mtu mwenye ajira, anayetoka kwake saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari na kurudi saa mbili usiku, anaweza kuwekeza kwenye ardhi na nyumba bila kuacha kazi yake? Na kama anaweza, aanzie wapi?

Nimewapa nafasi watu watano. Msiwatafute kwa majina, ni sauti ambazo yeyote aliyekaa Dar es Salaam ameshazisikia kwenye daladala, kwenye kikao cha harusi au kwenye benchi la benki. Yupo Mwalimu wa sekondari, bado anapanga, ana akiba ya shilingi milioni nane kwenye SACCOS ya walimu na hamu isiyolala. Yupo Dalali. Yupo Mhasibu, ambaye nyumba kwake ni tarakimu tu. Yupo Wakili. Na yupo Mama Mwenye Nyumba, muuguzi mstaafu, mwenye vyumba sita vya kupangisha Mbagala alivyovijenga akiwa bado kazini. Sauti ya sita itaingia kwa simu kutoka Muscat. Mimi nitaingilia kati ninapoona inafaa.

MWALIMU: Niseme wazi, sitafuti utajiri. Ninachokiogopa ni kustaafu nikiwa bado napanga. Milioni nane zangu kila mwaka zinanunua kidogo kuliko mwaka uliopita, lakini bei ya ardhi naiona inapanda tu. Walimu wenzangu waliochukua viwanja Kibada na Tuangoma enzi za ule mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, walichekwa kwamba wamenunua pori. Leo anayecheka ni nani?

DALALI: Hapo umenena, bosi wangu. Ninacho kiwanja Chanika, ndani ndani kidogo, mita 20 kwa 20. Mwenyewe anataka milioni sita na nusu, na anazungumzika maana ana mgonjwa. Nguzo za umeme ziko jirani. Stendi inakuja, shule inakuja. Kuna mtu kaahidi kuja na hela Jumamosi, mimi nakushikia wewe tu.

(Huyo mtu wa Jumamosi yupo kwenye kila kiwanja nilichowahi kuonyeshwa.)

MHASIBU: Mwalimu, ndugu yangu, nikuulize kabla hujampa huyu nauli ya kukupeleka. Hicho kiwanja kitakuingizia shilingi ngapi mwezi ujao? Hakuna. Mwakani je? Hakuna. Unachonunua ni matumaini kwamba siku utakayohitaji hela atatokea mtu wa kukupa bei kubwa zaidi. Na siku hiyo ikifika, wewe ndiye utakayekuwa "mwenyewe ana mgonjwa".

MWALIMU: Mbona wa Kibada wamefanikiwa?

MHASIBU: Vya Kibada vilipimwa, vikachorewa barabara, vikagawiwa na Wizara ya Ardhi. Wewe unaonyeshwa shamba la mtu lililokatwa kwa kamba.

Hapa nawasimamisha, kwa sababu habari ya mwajiriwa kuwa mwenye nyumba ina historia ambayo vijana wengi hawakuikuta. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na uongozi wenyewe ulihesabiwa mpaka kwa watumishi wa ngazi ya kati. Mwaka 1971 ikaja sheria ya utwaaji wa majengo: nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na maghorofa mengi ya Upanga na katikati ya jiji yakabadilisha mmiliki. Miiko ile ya viongozi ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar la 1991. Hata ardhi tupu yenyewe, kabla ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999, haikutambuliwa kuwa na thamani ya kuuzwa. Kilichouzwa kwa halali kilikuwa maendelezo, yaani nyumba, msingi, minazi. Wazee wetu waliuziana hivyo hivyo, wakaandika "nimemuuzia mikorosho mitano".

Kwa hiyo mtumishi anayestaafu leo alianza kazi wakati ambapo kupangisha nyumba kulikuwa jambo la kufanya kwa siri, kwa jina la shemeji. Hatukurithi elimu ya biashara hii. Tumerithi mazoea ya kuandikishana kwa jina la mwingine na kumaliza mambo kwa mhuri, na hasara nyingi ninazoziona zinatokea kwenye mazoea hayo kuliko kwenye umaskini wa mshahara.

WAKILI: Ahsante, umenifungulia mlango. Mwalimu, kwanza ujue hununui ardhi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Kwenye kiwanja kilichopimwa unapata haki ya kukitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Unalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Unajenga ndani ya muda, ambao kwa kawaida ni miezi 36. Labda unawaza kukilaza kiwanja miaka kumi kipande bei. Hati yenyewe inakuambia usikilaze.

DALALI: Mheshimiwa Wakili, hizo za hati ni habari za Masaki. Huku kwetu tunaandikiana serikali ya mtaa, mashahidi wawili wawili, mhuri unagongwa, tunakunywa soda, yameisha.

WAKILI: Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi, kaka yangu, hagawi ardhi. Na ile asilimia kumi mnayowatoza wanunuzi kwa ajili ya ofisi ya mtaa, mimi sijaiona kwenye Sheria ya Ardhi. Sikatai kwamba nusu ya jiji imeuzwa hivyo na watu wanalala humo kwa amani. Nasema mhuri hauwezi kukuonyesha mambo matatu: barabara, bonde na mke.

MWALIMU: Mke?

WAKILI: Mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anakabidhiwa ufunguo na baba mchana, jioni mama anarudi kutoka msibani anakuta mgeni anapima mapazia. Kesi hiyo hutaishinda kwa mhuri. Bonde mnalijua: mafuriko ya Desemba 2011, kisha bomoabomoa ya bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, alama za X nyekundu ukutani. Barabara nayo, waulizeni wa Kimara mpaka Kiluvya waliobomolewa 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Walikuwemo watu waliozeekea pale.

DALALI: Wakili unatutisha wateja. Kigamboni mlisema hivyo hivyo, daraja likafunguliwa 2016 na bei zikapaa.

WAKILI: Sema na lililotangulia daraja. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na wenye viwanja ndani ya mpango wakakaa miaka hawaruhusiwi kuendeleza kitu. Mtu ana kiwanja, ana hela ya tofali, hajengi. Mwenye mshahara wa kati hawezi kusubiri serikali ibadili mawazo.

Sipendi Dalali anavyofanywa mbuzi wa kafara katika mijadala hii. Yeye ndiye anayejua chumba kipi kitakuwa wazi mwezi ujao, nani anauza kwa shida ya kweli na nani anauza mara ya pili. Na ana hoja: anayengoja kiwanja chenye hati safi, mahali pazuri, kwa bei ya mwalimu, anaweza kungoja mpaka mafao. Kosa lake ni kuuza kesho kama vile iko leo.

SAUTI KUTOKA MUSCAT: Mnisamehe, huku ni mapumziko ya saa moja tu. Mimi nafanya kazi za ndani, mwaka wa tano. Nilimtumia kaka yangu hela ya kiwanja, ya msingi, ya tofali mpaka lenta. Kila hatua alinitumia picha, na picha zilikuwa nzuri. Niliporudi likizo nikaomba nipelekwe. Nikapelekwa mahali kuna msingi tu na mihogo ya jirani. Zile picha zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine, mtaa wa pili.

MAMA MWENYE NYUMBA: Pole sana mwanangu. Pole. Na kakako si mwizi peke yake, wamejaa. Sasa niacheni na mimi niseme, maana mmezungumza ardhi mpaka nyumba imesahaulika.

Mimi nilianza na banda la uani. Vyumba vitatu vya nyuma, kabla hata ya kuchimba msingi wa nyumba kubwa. Watu walinicheka, nyumba inaanza mbele bwana! Nikahamia na wanangu kwenye viwili, cha tatu nikampangisha fundi cherehani. Siku ile nilipoacha kulipa kodi kwa watu ndiyo siku nilipoanza kupata hela. Tofali nilikuwa nanunua kila mshahara unapoingia, kidogo kidogo, nazipanga uani nazimwagia maji mwenyewe. Nikitoka zamu ya usiku namkuta fundi ndiyo anachanganya. Mifuko ya saruji nilihesabu kwa macho yangu, mitupu na mizima, kwa sababu mfuko wa saruji una miguu. Nisingeweza kufanya hivyo kama kiwanja kingekuwa Mkuranga na mimi nalala Mbagala.

MHASIBU: Mama, shikamoo. Naheshimu jasho lako, lakini ruhusu nikokotoe. Tuseme vyumba sita, kila kimoja 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni 4,320,000 kwa mwaka. Tuseme kiwanja na ujenzi vimekula milioni 42 kwa bei za leo. Toa mwezi mmoja mmoja ambao kila chumba kinakaa kitupu, 360,000. Toa asilimia 10 ya TRA kwenye pango, kama 396,000. Toa rangi, kitasa, bati lililovuja, gari la kunyonya choo, tuseme 300,000. Unabaki na 3,264,000, chini kidogo ya asilimia nane ya ulichotumbukiza. Hati fungani za serikali za muda mrefu, miaka 20 na 25, kwa miaka mingi zimelipa zaidi ya asilimia kumi. Unaanza na milioni moja, Benki Kuu wanakuwekea riba kila miezi sita, na hati fungani haipigi simu usiku kusema choo kimejaa.

MAMA MWENYE NYUMBA: Marahaba. Hesabu nzuri, ila mimi simo. Mimi na wanangu tumelala wapi miaka yote hiyo? Weka na kodi ambayo sikuilipa. Na kodi ya chumba sikuiacha mahali pamoja, ilipanda. Hiyo riba yako ya leo, miaka ishirini ijayo itakuwa ile ile, na milioni yako utarudishiwa milioni ile ile. Utanunulia nini?

MHASIBU: Hapo umenipata kidogo.

MAMA MWENYE NYUMBA: Halafu wapangaji wangu wanalipa miezi sita kwa mkupuo. Mikataba yote niliielekeza iishe Juni na Desemba, kwa hiyo Januari shule zinapofunguliwa mimi nina ada mkononi.

MWALIMU: Na usumbufu wa wapangaji, mama? Mimi nasahihisha madaftari mpaka saa nne usiku.

MAMA MWENYE NYUMBA: Usumbufu upo, sikufichi. Sana sana umeme wa luku. Vyumba sita mita moja, mmoja ana friji, mwingine anapikia jiko la umeme kwa siri, mwingine ana taa moja tu na ndiye anayelalamika kwa haki. Tangu kodi ya majengo ianze kukatwa kwenye luku, 2021, ndiyo ikawa vituko. Ikifika tarehe moja hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingiza umeme, maana wa kwanza ndiye anayekatwa. Giza nyumba nzima, kila mtu kajifanya kalala! Nikaweka mita ndogo kila chumba, na ile kodi ya majengo nikawaambia ni yangu, nitairudisha mwenyewe. Ugomvi ukaisha. Na choo: vyumba sita choo kimoja ni vita ya kila asubuhi, nikajenga cha pili kabla sijapiga rangi. Mpangaji anavumilia ukuta usio na rangi, havumilii foleni ya choo.

Ndiyo maana simwelewi anayesema nyumba ya kupangisha ni kipato kinachokuja umelala. Kinakuja umeamka, tena mapema. Swali la Mwalimu ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, kwa sababu kinachomkwamisha mwekezaji wa saa za ziada mara nyingi si hela. Hela inakopeka. Ni nani atakuwepo pale saa tatu asubuhi ya Jumanne, fundi anapomwaga zege?

WAKILI: Na kwenye kiwanja kitupu ni hivyo hivyo. Kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12. Mtu akiingia kwenye kiwanja chako, akajenga, akakaa waziwazi, na wewe uko kimya muda wote huo, ukija kuamka unaweza kukuta mlango wa mahakama umefungwa. Nenda kakione. Fyeka. Panda mipaka, lipa kodi ya pango la ardhi, tunza risiti. Na ukivuka mkoa kwenda kijijini kununua, Mkuranga au Kisarawe, ujue hapo inatawala Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya 1999 pia. Muuzaji na mjumbe wake hawatoshi, lazima upite halmashauri ya kijiji.

MWALIMU: Basi nikope. Benki wananipa mkopo wa mshahara, miaka sita. Nijenge vyumba vinne kwa mpigo, kodi zilipe mkopo.

MHASIBU: Kodi zitalipa mkopo siku vyumba vikiisha. Nimeona mahesabu ya wengi. Mkopo unaishia kwenye lenta, makato yanaendelea, na mshahara uliokatwa hauwezi tena kununua bati. Zunguka nje ya jiji hili uhesabu mapagale. Kila pagale ni mtu aliyekosea makadirio.

MAMA MWENYE NYUMBA: Mwanangu, kama utakopa, kopa ya kumalizia. Bati, milango, madirisha. Ukikopa ya kuanzia, utakaa unalipia ukuta wanamolala popo.

DALALI: Na mimi nisaidiwe jamani. Mnataka nimuuzie nini mtu mwenye milioni nane?

Nimjibu mimi, maana muda umekwisha na hoja inadai uamuzi.

Mwajiriwa anaweza. Mama ameshaonyesha, na mitaa ya Mbagala, Tandika na Buguruni imejengwa na watu kama yeye: wauguzi, makarani, madereva wa serikali, wapika uji. Mhasibu ana haki kwenye hesabu ya asilimia, lakini hesabu yake inamfaa mtu ambaye tayari ana pa kulala. Kwa anayepanga, kodi anayoacha kulipa ndiyo pango lake la kwanza, na hakuna hati fungani inayompa hilo.

Kiwanja cha Chanika sikipendekezi, na si kwa sababu ya Chanika. Shule ya Mwalimu iko Temeke. Atakwenda kukiona mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Krismasi, na kila akienda atakuta bikoni imesogea. Atafute padogo, hata nusu ya ukubwa huo, upande anaokwenda na kurudi kila siku, kilichopimwa au kilicho kwenye eneo ambalo urasimishaji umeshapita. Bei itakuwa juu, na milioni nane huenda zisitoshe mwaka huu. Hapo ndipo atakapomhitaji Mhasibu: hela ikae kwenye hati fungani au mfuko wa uwekezaji wa UTT mpaka itoshe, isikae kwenye ahadi ya Dalali. Akishapata, ajenge banda la uani la vyumba viwili tu, alale kimoja, apangishe kimoja, choo kwanza rangi baadaye. Nyumba kubwa itasubiri. Viwanja vya pili na vya tatu, vya kulaza, ni mchezo wa mtu ambaye cha kwanza kimeshaanza kumlipa.

Na dada yetu wa Muscat asitume tena hata shilingi kwa picha. Kama hana mtu wa kumwamini pale kiwanjani, hana mradi bado. Riba ya hati fungani itamfaa mpaka arudi.

Mwalimu, ofisi za ardhi za halmashauri hufunguliwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Muombe mkuu wa shule ruhusa ya nusu siku. Ukionyeshwa kiwanja kingine, nenda na namba yake na ya kitalu, uliza kama hapo pamepangwa makazi, barabara au eneo la wazi, na ufanye upekuzi wa jina la mmiliki kabla ya kutoa kianzio. Mchukue na Dalali mwende pamoja. Akikataa kwenda, umeshapata jibu lako bila kulipa chochote.